Mkate wa Jenerali Mlangoni kwa Fundi

Mama Kabira wangu mpendwa,

Ni mimi, Redio yako isiyozimika. Siku hizi niko Riyadh, Al-Malqa, kwa nyumba yenye ngazi nyingi kuliko watu. Madam wa hapa ni mzuri lakini haongei, anabonyeza simu tu. Fikiria, mimi! Basi nimeamua kuongea na wewe, hata kama ulishatangulia. Habari ya kifo chako ilinipata nikikunja nguo, nikakaa sakafuni nikalia. Sasa nimeinuka, nataka kukushukuru.

Unakumbuka nilivyofika kwako Jeddah, pale Al-Baghdadiyah? Sura ya Kichina, Kiarabu kinateleza kama maji! Nikampigia dada yangu Bungoma: "Nililetwa kwa Waarabu, nimepata Mchina!" Ulicheka, ukanionyesha picha ya ukutani, yule mwanamume wa masharubu na upanga. Kumbe baba yako. Jenerali. Alitawala jimbo zima huko China, enzi zile kila mkubwa alikuwa na jeshi lake, mpaka akashindwa vita akakimbilia Saudia na familia, wewe mtoto wa miaka minne. Ulisema alijenga shule, hata za wasichana, na kila nyumba alilazimisha ipande miti. Nami nikatangazia wasichana wote wa kazi mtaani kwamba nalea binti wa mfalme.

Halafu ikafika siku ya kumkumbuka marehemu baba yako. Kwenu mnakaanga mikate ya mafuta mnagawia majirani. Nikaona, ah, si ni mandazi! Kumbe ina sheria: unaoga kwanza, na mafuta yakiwa motoni hakuna kuongea. Mama, mimi? Nilibana midomo mpaka masikio yakauma. Ndiyo maana sikuuliza mikate iende kwa nani. Ulipoingia kusali nikabeba sinia, nikagonga milango yote ya watu wenu wa asili ya China, hata kwa yule mzee fundi wa kushona kanzu, ng'ambo ya barabara. Kwake hukuwahi kupeleka, miaka yote. Ningejuaje?

"Nani ametuma?" akaniuliza. Nikamjibu na meno yote nje, binti wa Jenerali!

Akarudisha kitambaa juu ya sinia polepole. "Wewe Mkenya, mwambie madam wako, baba yake alimfunga baba yangu kamba akampeleka jeshini kwa nguvu. Jeshi likakimbia naye mpaka huku. Hakumwona mama yake tena mpaka anakufa. Sisi hatuli huo mkate."

Katika umbea wote niliowahi kubeba, huo ndio ulionilemea. Nilipanga kukudanganya kwamba wamekula, wameshukuru sana. Lakini uliniangalia usoni ukasema, "Redio, sema."

Nikasema. Nikangoja unifukuze, maana kafili wangu, yule aliyenidhamini kuja kazi, ni mtoto wako, neno lako moja tu na ikama yangu, kibali cha kukaa, halas, kimeisha. Ukaiangalia ile picha mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Ni kweli," ukasema. "Miti nilikuambia. Watu wa kamba sikukuambia. Huo mlango nimeuogopa tangu nikiwa bibi arusi. Yalla, lete viatu."

"Mama, na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu. Sinia liache. Na huko, mafi kalam."

Eti nisiongee, tena! Tukavuka jua likiwaka, mkono wako begani kwangu. Fundi alipofungua, hukumtetea baba yako hata kidogo. Ulisema, "Alichomfanyia baba yako ni dhuluma. Nilijua, nikanyamaza."

Fundi akajibu: "Baba yako simsamehe."

"Sikuja kuomba hilo."

Akakuangalia ulivyoshika bega langu, akasogea pembeni. "Wewe ingia ukae. Chai iko motoni."

Mkakaa mpaka adhana ya alasiri. Ulirudi umechoka hoi, ukala sahani mbili za wali, ukalala bila ile dawa yako ya usingizi.

Mama, asante kwa kutonifukuza. Asante kwa kunilazimisha kusema ukweli siku niliyotaka kudanganya. Mke wa fundi ndiye aliyenitumia habari yako. Alisema mume wake alikuwa miongoni mwa wale waliobeba jeneza lako.

Huku wenzangu wananiuliza, huyo Jenerali alikuwa mtu mzuri? Nawaambia shule, miti na kamba, sifichi kitu. Kisha nawaambia kuhusu wewe, maana hapo ndipo ninapopapenda: bibi wa miaka themanini amevuka barabara ya Jeddah mchana kweupe, kwenda kusema baba yake alikosea. Hawaamini. Wanadhani nimeongeza chumvi kama kawaida yangu.

Pumzika, Mama. Hiyo moja sijaongeza chumvi.

Mimi, binti yako wa jikoni