Rangi ya Kucha kwenye Nati za Peugeot

Mpendwa Senga Saudah, shangazi yetu sote wa gazeti, naomba unipe shauri kabla ya Alhamisi, na jina langu tafadhali usilitoe, maana mimi ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini ninayejulikana kambi nzima ya Nakivale, kuanzia Juru mpaka Base Camp, nina mke mmoja, watoto wanne na gari moja, na kwa sasa hakuna ninayeweza kumtazama usoni isipokuwa hao watoto.

Gari yenyewe ni Peugeot 205 ya mwaka 1989, nyeupe, niliyoachiwa na sista mmoja Mbelgiji aliporudi kwao, na tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, fundi wake ni mmoja tu, Mzee Buruhan mwenye gereji pale Mbarara, na huyu mzee, Senga, si fundi tu, ni ndugu, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa kwa shida, mkewe alilala hospitali na mke wangu wiki nzima, akimpikia uji kama mtu wa tumbo moja. Mzee ana desturi yake: kila nati akishaikaza anaitia nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha, anayoichukua kwa binti yake Zaharah, ili siku nukta ikivunjika ajue kwamba nati imelegea au mkono wa mtu mwingine umepita hapo. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Appolinaire, munywani wangu, hii gari iko mzee, haitaki mikono ya kila mutu. Usipeleke kwa fundi ingine bila kuniambia." Nikaapa, mkono juu ya boneti, tukawa marafiki, ndiyo maana ya hilo munywani.

Sasa mwezi wa kwanza, wakati wa maharage, Mzee alikwenda Masaka kuzika, na mimi nikiwa na magunia matatu ya maharage ya mke wangu nyuma (kiti cha nyuma tulishakitoa zamani, kwa ruhusa ya Mzee), gari ikazimika kwenye mlima wa Juru na kukataa kabisa, waimbaji wa kwaya waliokuwa wanatoka mazoezini wakaisukuma mpaka mteremko, nikaserereka hadi Base Camp, na pale kuna Jean-de-Dieu, fundi wa pikipiki na pick-up, mtu anayejiamini sana, akafungua boneti akacheka, akasema, "Papa, hii kabureta imechoka, na gari iko chini mingi, inalamba barabara. Uniachie siku mbili." Nilipaswa kumpigia Mzee, Senga. Simu nilikuwa nayo mkononi, na chaji ilikuwa imejaa. Nikamwachia siku mbili.

Akatoa kabureta ya zamani akafunga ya gari ndogo ya Kijapani, akaweka springi ndefu gari ikapanda juu, akabadilisha ekzosi isigonge mawe tena, na Mungu anisamehe, gari ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa, mlima wa Juru inaupanda na magunia matatu na mama mkwe juu yake, huku mimi naimba, ila kila nikifungua boneti naona nukta za Mzee zimevunjika, naifunga upesi. Kabureta ya zamani nimeificha chini ya kitanda. Tangu hapo namkimbia Mzee: akiniita niipeleke gari kwa ukaguzi nasema mvua, nasema ubatizo, nasema malaria, na malaria hiyo nimeugua mara tatu kwa miezi miwili.

Wiki iliyopita akanipigia nikiwa njiani kule Ngarama, injini inanguruma, akauliza, "Hiyo iko gari ya nani?" Nikasema, "Ya jirani, Mzee." Akasema, "Haya. Iko na sauti muzuri." Akakata. Siku mbili baadaye akapiga tena: "Zaharah anaolewa Jumamosi. Amekataa gari ya kukodi, anataka Pijo yako. Leta Alhamisi niangalie. Na kama yako inasumbua, sebo, leta hata ile ya jirani."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wote. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikajifungia na gari mchana kutwa, nikapaka nati zote nukta mpya, na nilipomaliza ndipo nikaona kwamba rangi ya Mzee ni nyekundu na hii ya kwangu ni ya waridi, inang'aa. Nikiwa bado nimeduwaa, mke wangu Sidonie akanikuta. "Baba Junior, verni yangu imetoka mu kabati, imeingia mu mufuko yako, na vidole vyako viko na rangi. Ni mwanamuke gani mwenye unapakaaka kucha?" Nikasema, "Ni ya gari." Akasema, "Gari iko na kucha?" Tangu siku hiyo napewa bugali bila sombe, ugali mkavu bila mboga, na ukweli siwezi kumwambia, kwa sababu kila Jumapili anaongea kwa simu na mama yake Zaharah na hapo siri itakuwa imekwisha.

Je, Senga, nirudishe kabureta ya zamani na springi fupi, Mzee asijue, hata kama mlima utanishinda? Au niseme gari imekufa, nisiende harusini? Nampenda yule mzee, na sitaki kumpoteza kwa ajili ya kabureta.

Dereva mwenye aibu, Juru.

SENGA SAUDAH ANAJIBU:

Dereva mwenye aibu, jina lako sikulitoa mimi, umelitoa mwenyewe kwa kinywa cha Buruhan, na hata usingelitoa, niambie kuna Peugeot 205 ngapi Nakivale zilizopakwa rangi ya kucha. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Sasa nimemaliza kucheka, kaa chini.

Kurekebisha gari si kosa. Jean-de-Dieu amefanya kazi nzuri, barabara ya Juru inataka gari iliyoinuka, na kabureta iliyochoka haiponi kwa heshima. Kwa hiyo usirudishe chochote. Kosa lako lilikuwa la simu. Soma tena maneno ya mzee uliyoniandikia mwenyewe: alisema "bila kuniambia". Hakukufungia gari yako kwa kufuli, alitaka kuambiwa tu, kama ndugu anavyoambiwa jambo la nyumbani, na wewe ukaona ni rahisi zaidi kuugua malaria tatu.

Na hapa nakugombeza kwa nguvu, usinikimbie. Nukta ile si urembo. Ni alama kwamba mtu ameikaza nati na kuitolea dhamana. Wewe umepaka nukta kwenye nati ambazo hujui kama zimekazwa, kwenye gari iliyoinuliwa ambayo breki zake na usukani wake havijakaguliwa na fundi anayeijua, kisha ulikuwa tayari kumweka bibi harusi ndani! Zaharah amekataa magari ya kukodi kwa kuwa anaiamini ile yenye alama za baba yake. Ukimdanganya baba umemdanganya na mtoto, na umemdanganya barabarani. Leo hii chukua kitambaa na dawa ya kuondolea rangi, ufute waridi yote mpaka ya mwisho. Zilizovunjika ziache zionekane zimevunjika.

Dawa hiyo utamwomba nani? Mkeo. Mshike Sidonie mkono, mpeleke kwenye gari, fungua boneti, mwonyeshe kucha zenyewe, mwambie yote tangu mlimani mpaka Ngarama. Atakasirika, halafu atacheka, halafu atampigia mama Zaharah kabla hujafunga boneti. Mwache apige. Wanawake wale wawili walikesha hospitali kwa ajili ya mtoto wako, huwezi kuwafanya waanze kufichana mambo kwa sababu ya springi. Sombe itarudi jioni hiyo hiyo, na ukienda mjini mletee chupa mpya, ya rangi atakayochagua yeye.

Alhamisi toka mapema. Mchukue Jean-de-Dieu akae mbele, aeleze mwenyewe alichofanya, maana fundi na fundi wanaelewana wakiwa wameinama pamoja juu ya injini, na wewe hapo usilete maneno mengi. Kabureta ya zamani itoe chini ya kitanda, ifunge kwenye kitambaa safi, umkabidhi Mzee mkononi. Miaka mitatu ameitunza, ana haki ya kuamua italala wapi.

Unaogopa atajua. Appolinaire, wewe mtu mzima! Mtu aliyesikiliza injini hiyo miaka mitatu unamwambia ni ya jirani, na jirani zako wote wa Juru wanaendesha baiskeli, na yeye, kama ndugu, lazima amekuja kwako, amewaona. Alijua tangu Ngarama. Alijua akaisifu sauti yake. Akakaa siku mbili na uchungu wake, kisha akakupigia, akakukabidhi binti yake, na akakuachia mlango wazi ili uingie bila kupiga magoti. Wewe ukaupaka rangi ya kucha huo mlango.

Jibu hili nakutumia mapema kwa simu, lakini gazeti lenyewe linatoka Alhamisi, na najua mwenye kulipeleka kwenye zile gereji za Mbarara: hufika saa nne asubuhi. Basi wewe fika saa tatu. Zima injini, shuka, mpe Mzee funguo, umwambie, "Mzee, nimekuletea ile ya jirani." Kisha nyamaza, na akianza kukaza nati zake, mshikie chupa ya Zaharah.