Siyo Kosa la Jani

Mwanangu Sekela,

Mvua zimerudi huku Kisondela, na leo nimeshinda jikoni. Ile kamba ya mgomba uliyofungia muhindi wako bado inaning'inia juu ya mafiga, nyeusi kwa moshi. Muhindi wenyewe haupo tena, nitakueleza. Nimechukua daftari lako la chuo nikachana karatasi za nyuma, zile ambazo hukuziandika. Usinikasirikie.

Unakumbuka siku uliyokuja nao? Ulikuwa umefunga chuo. Ulishuka kwenye bodaboda ukitokea Tukuyu mjini, tope hadi magotini, na kabla hata hujanisalimia ukatoa kitu kwenye begi, kimeviringishwa kwa gazeti. Nikadhani umeniletea mkate. Kumbe muhindi mmoja mkavu! Punje nyingine nene kama za kwetu, nyingine ndogo mno, zimejikunyata katikati ya zile nene kama meno ya mtoto.

"Haya mahindi mama yake hakuyapenda," nikasema.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama yake ameyapa yote, mama. Haya madogo ndiyo hayakuweza kupokea."

Nilikuwa namenya ndizi za mchana. Ukachuchumaa karibu yangu ukaanza kunieleza kama mwalimu, kidole juu. Jani ndilo linalopika, ulisema. Linapika sukari kwa jua, halafu sukari hiyo inasafiri ndani ya bua ikiwa vipande viwili vimeungana, kama watu wawili walioshikana mikono. Ikifika kwenye punje lazima iachanishwe ndipo punje iitumie na kukua. Kinachoachanisha ni kimeng'enya.

"Kimenya?"

"Siyo kimenya, mama! Kumenya ni hicho unachofanya na ndizi. Ki-me-ng'e-nya."

"Basi na mimi ninacho hapa," nikakuonyesha kisu.

Tangu siku hiyo kile kisu kikapata jina. "Mama, kimeng'enya kiko wapi?" ulikuwa unaniuliza mbele ya wageni, nao wakashangaa nyumba yetu inaongea lugha gani.

Uliendelea kunieleza. Mahali ambapo kazi ya kuachanisha inakwenda vizuri, sukari nyingine inavutwa na kuja. Mzizi unavuta, jani changa linavuta, tunda linavuta, na ndiyo maana sehemu moja ya mmea inanenepa na nyingine inabaki nyembamba. Zile punje ndogo zilizaliwa bila kimeng'enya chao. Sukari ilifika mlangoni, ikakosa wa kuipokea, ikaenda kwingine.

"Kama majani yana sukari kiasi hicho, tusinunue tena ya dukani," nikasema. "Tutafune majani tunywe chai."

Ukanipiga bega. Lakini mimi lile la punje lilinigusa, nikakuuliza, "Na jani je? Linafanyaje likiona mtoto wake hakui?"

"Linaendelea kupika tu, mama. Siyo kosa la jani."

Ukaufunga muhindi juu ya moto pamoja na mbegu zangu. "Usije ukautwanga. Hizi ndogo nitazipanda mwenyewe nione."

Ulirudi nyumbani tena kabla ya wakati, na safari hii begi lilibebwa na mwenye bodaboda. Daktari alisema tumbo lako halipokei chakula inavyotakiwa. Mimi nikasikia neno chakula tu. Nikapika. Tangu baba yako alipotutoka tulikuwa wawili, na sikujua njia nyingine ya kukushika isipokuwa sahani. Uji wa ulezi, mbalaga zetu za ndizi na maziwa, parachichi nililoponda hadi likawa laini kama mafuta. Ulikuwa unakula, Sekela, sitaki mtu aseme hukula. Lakini mikono ilizidi kuwa myembamba, hata ile saa yako ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Alhamisi ile mchana nilikuletea mbalaga. Ulionja mara moja, ukaisukuma sahani pole pole kwa vidole viwili. Nikakufokea. "Unanitesa, Sekela! Kula! Nikupe nini tena mimi?" Ulinitazama bila hasira. Ukasema, "Siyo kosa la jani, mama." Nikadhani homa inakusemesha. Nikaichukua sahani, nikaiweka chini kwa kishindo, nikatoka nje nikapalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu.

Hatukufika Jumapili.

Msibani shangazi yako alinivuta pembeni, nyuma ya migomba. "Wifi, mtoto amekwisha vile. Ulikuwa unampa nini?" Nikarudi kwa wageni. Swali lake lilikuwa langu. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kanisani. Watu walipokuwa wakiniambia nimekutunza vizuri, nilikuwa nasikia ile sahani.

Ilipita miezi kabla sijakumbuka. Nilikuwa nashusha mbegu za kupanda, mkono wangu ukagusa muhindi wako, na nikakusikia kama vile umechuchumaa pale pale. Haikuwa homa. Ulikuwa unanijibu. Nilikuuliza nikupe nini tena, nawe ukanijibu kwa kitu ambacho tulikijua sisi wawili tu, nami nikakupa kisogo.

Sijui kama ulikuwa unanisamehe au unanieleza tu kama siku ile ya ndizi. Nikiwa na nguvu nasema ulinisamehe. Leo sina nguvu. Leo najiuliza jani linalopika bila kukoma, halafu likamfokea mtoto kwa sababu hakui, linaitwaje.

Nimezipukuchua zile punje ndogo. Shangazi yako alinikuta nazo kiganjani. "Wifi, hizo hazina kitu ndani, wape kuku." Nikamwambia, "Ni za Sekela." Akachukua jembe, akanisaidia kufungua mashimo. Sikumweleza habari za kimeng'enya. Nitamweleza siku moja, na lile swali lake nitalijibu.

Nimezipanda nyuma ya jiko, mahali pa jua, mbali na mahindi mengine yasije yakazifunika. Zilichelewa. Za shambani zilikuwa zimefika kifundoni ndipo hizi zikachungulia. Yameota matatu, membamba, rangi imepauka. Sijui kama yatafika popote.

Nayapitia kila asubuhi nikienda kuchota maji. Nayatazama, naondoa jani la mgomba likiyaangukia, naenda zangu. Sijayafokea hata siku moja.

Ndaga, asante, mwanangu. Lala.

Mama yako