Damu ya Mama Haikuganda

Mwihoko,
Ruiru.
14 Julai 2024.

Mpendwa kaka Macharia,

Habari za Calgary? Natumaini wewe, Emmah na watoto mko salama. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Julai imetukaba. Nimekusalimu kwa sababu Mama alitulea hivyo. Sasa nisikilize.

Umeandika kwenye WhatsApp ya familia kwamba Mama aliumia kwa sababu nilimwacha peke yake. Uliyaandika hayo akiwa bado na mpira kichwani wa kutolea damu. Nitakueleza yaliyotokea, maana hukuuliza.

Mama aliteleza bafuni kwake Witeithie, akagonga kisogo kwenye sinki. Nilikuwa hapo jikoni. Hakuzimia. Aliinuka akilalamika kwamba leso yake imelowa, akaomba chai. Nilimvisha koti twende hospitali, kwa sababu anameza ile dawa ya moyo inayozuia damu kuganda, na kliniki walituonya kwamba akigonga kichwa apelekwe hata kama hana mkwaruzo.

Ndipo ukapiga simu, Mama akakueleza alivyoanguka. Ukamwambia, "Mama, hiyo ni nundu tu. Weka barafu ulale. Ngendo anapenda kukuza mambo." Mama akavua koti. Akisikia sauti yako husahau yangu, na wewe unalijua hilo.

Asubuhi aliniita Shiko, dada yetu tuliyemzika zamani, akaniuliza kama nimelisha ng'ombe. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Mimi na binti yangu Idah tulimbeba hadi kwa gari la jirani, tukampeleka hospitali ya Thika.

Picha ya kichwa ilionyesha damu imeukandamiza ubongo. Daktari Kaleli alitaka kumpasua mara moja, akashindwa. Kila walipomdunga sindano, damu ilichuruzika isikome. Akaniambia, "Dawa ni sehemu tu ya shida. Kwa mzee, ubongo ukiumia nao huvuruga damu, ikakataa kuganda. Nikimfungua sasa, atafia mezani." Ikabidi kwanza wampe vitamini K na maji ya damu ya watu wengine, yale yanayosaidia kuganda. Nilikaa kwa benchi nikiangalia pamba ya mkononi mwake ikilowa nyekundu, wakaibadilisha, ikalowa tena. Nilikuchukia. Neno hilo silirudishi.

Walimpasua, na yuko hai. Lakini mkono wa kulia haushiki kijiko, na maneno humtoroka.

Sasa umeanza tena kumpigia, eti arudie dawa ya moyo. Daktari ameisimamisha kwa muda. Akiirudia mapema, damu inaweza kumwagika tena kichwani. Akikaa sana bila hiyo, inaweza kuganda imletee kiharusi. Siku ya kuirudia ataisema daktari. Jana nilimkuta ameshika kidonge. "Macharia amesema," akaniambia. Nilikitoa vidoleni mwake kwa nguvu, akalia kama mtoto, na mimi nikamwacha alie.

Simu yake ninayo mimi. Ukitaka kumsikia, piga kwangu. Ukitaja dawa, nitakata.

Nisalimie Emmah na watoto. Idah anakusalimu, nimemlazimisha. Mama pia anakusalimu; jina lako analitamka vizuri kuliko langu.

Mungu akulinde huko, na amlinde Mama na ushauri wako.

Ni mimi dada yako, tupende tusipende,

Ngendo