Kuku Niliyemla kwa Kalamu

Jumatano, wiki ya Krismasi, 1966

Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unatoka upande wa Uganda, umebeba vumbi lote la barabara. Watoto wakubwa wamekwenda mtoni na nguo. Nabwire, kitinda mimba wangu, amelala. Mimi nimekaa mlangoni mwa jikoni, daftari juu ya magoti. Siku tano nimeishi kwa woga. Leo ni kitu kingine, na jina lake sijalipata.

Wacha niandike pole pole nisiruke kitu. Shule niliacha darasa la pili, baba alipofariki, na nikiharakisha maneno yananikimbia.

Daftari hili ni la ngumbaru. Akina mama tunasoma kila Alhamisi mchana kanisani. Mwalimu wetu, Agneta, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, lakini akiingia tunasimama. Mwezi uliopita alitupa kazi. Alisema tuandike chakula cha sikukuu tunachokikumbuka, lakini si kuandika "tulikula wali, tulikula nyama", basi. Alitaka mtu akisoma mate yamjae.

Nikacheka moyoni. Karatasi itatoa wapi harufu?

Wa kwanza kusoma alikuwa Mama Hadija, yule mume wake ana duka la vitambaa hapa Busia. Aliandika pilau ya Idi ya utotoni kwao. Vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa rangi ya mlango wa zamani, na yeye mtoto mdogo amekaa karibu na sufuria, anaambiwa sogea utaungua, anasogea kidogo tu. Mimi nilikuwa nimekunywa uji kabla ya kutoka nyumbani. Sikuwa na njaa. Lakini alipofika kwenye iliki, tumbo langu likanguruma mpaka Nasike akanigeukia. Nasike ni mke wa shemeji yangu, tunaishi boma moja.

Pale kanisani hapakuwa na sufuria. Kulikuwa na viti, ubao na chaki.

Nilirudi nyumbani nikiisikia bado ile iliki. Niliona jambo ambalo sikujua lipo duniani.

Yangu niliandika kuku wa Krismasi. Niliandika jinsi mama yangu, kule Funyula, alivyomtundika jogoo juu ya moshi siku mbili mpaka ngozi inakuwa rangi ya asali. Niliandika chumvi ya majivu tunayoichuja kutoka maganda ya maharagwe yaliyochomwa. Niliandika chungu, na jani la mgomba linalofunika chungu, na jinsi lile jani linavyopumua, linapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama alikufa kabla sijazaa mtoto wa kwanza. Uso wake ulikuwa umeanza kunipotea, nasema ukweli. Lakini nilipoandika jani la mgomba, mkono wake ukaja kulifunua, na kovu lake la kisu juu ya kidole gumba. Lile kovu sikuwa nimelikumbuka miaka yote hiyo.

Niliweka kalamu chini nikaitazama. Ni kalamu ya kawaida tu. Ajiambo, msichana wangu wa kwanza, ameitafuna huku nyuma.

Mwalimu akasoma, akasema ni nzuri. Halafu akasema, "Lakini Mama Ajiambo, umepika hujala. Ladha iko wapi?"

Darasa zima likacheka. Nasike akamwambia, "Mwalimu, sisi wanawake wa huku hatuli kuku. Tunapika tu."

Ndivyo ilivyo. Wasichana wa shule siku hizi wanakula, hata kwa padri wanakula, lakini katika boma la mama mkwe wangu desturi ni ile ile. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mapaja na kifua ni vya wanaume na wageni, shingo na miguu ni ya wavulana. Mwanamke anapika na kuandaa. Tuliambiwa mwanamke akila kuku watoto wake watakuwa na kifua kibaya, watakoroma kama kuku mgonjwa. Tangu niolewe napika yule jogoo na sijawahi kuonja hata mchuzi. Chumvi naipima kwa vidole na kwa uso wa baba watoto. Watu wakimaliza, mama mkwe anakusanya mifupa yeye mwenyewe na kwenda nayo nyuma ya nyumba, kwa mbwa. Hiyo ni kazi yake, hata mtoto hagusi.

Mwalimu akanirudishia daftari. Akasema, "Basi tunga. Kwenye karatasi mtu anaweza kula asichokula."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi.

Nikatunga. Nikaandika kwamba nilipokuwa msichana mdogo, asubuhi ya Krismasi, niliiba paja moja chunguni nikajificha nyuma ya ghala. Niliandika "mimi" kwa sababu mwalimu alisema "mimi" ina nguvu. Ladha niliitafuta katika vitu ninavyovijua. Chakula laini kuliko vyote nilichowahi kula ni samaki, ngege wa Sio Port, akiwa amevuliwa siku ile ile. Kwa hiyo nikaandika kwamba paja lilikuwa laini kama ngege, likaniyeyukia ulimini, na mafuta yakashuka mpaka kiwiko, nami nikayafuata kwa ulimi.

Alhamisi iliyopita nikasoma. Nikasikia mtu anameza mate, nilimsikia kabisa. Halafu Mama Hadija akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Na wewe, mama yako alikupiga?"

Nikasema hakunipiga, haikutokea, nimetunga.

"Wee," Nasike akasema. "Uongo gani una mafuta namna hiyo?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, na nilijisikia mkubwa. Hilo nakiri. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Jioni ile ile Nasike alikuwa amemwambia mama mkwe kwamba mke wa mwanao amesoma kanisani mbele ya watu jinsi alivyokula kuku. Sidhani alitaka kunidhuru. Ilikuwa habari tamu, ikamtoka.

Ijumaa nilimpelekea mama mkwe ugali wa wimbi na kunde kama kawaida. Alifunika sahani akanirudishia. Jumamosi akala kwa Nasike. Jumapili akala kwa Nasike.

Na kuna jambo la jogoo. Kila Krismasi yeye ndiye anayemchagua jogoo, anamfunga miguu kwa kamba ya mgomba na kumleta mlangoni kwa yule atakayempika. Tangu nije boma hili amemleta kwangu. Baba Ajiambo anafanya kazi reli kule Malaba, anafika kesho kutwa. Akikuta kuku anapikwa jikoni kwa Nasike ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini? Kwamba karatasi imenipa jina la mla kuku?

Halafu Jumamosi Nabwire akaanza kukohoa.

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilimweka mgongoni usiku na mchana, nikimsikiliza kifuani kama anakoroma. Nikajiuliza swali ambalo hata kwa mwalimu ningeona haya kulisema. Je, kuandika umekula ni kula? Watu walimeza mate ya kweli. Tumbo langu lilinguruma kweli kwa pilau isiyokuwepo. Mama yangu alikuja kweli na kovu lake. Kama maneno yana nguvu hiyo yote, ni nani anayeweza kuniambia nguvu yao inaishia wapi?

Nilitaka kulichoma daftari. Nililipeleka mpaka mafigani. Nikakumbuka lile kovu, mkono ukarudi.

Asubuhi ya leo nilikuwa nachambua mchele nikaona kivuli mlangoni. Mama mkwe. Aliingia na fimbo yake, akavuta kigoda, akakaa. Hakunisalimu.

"Leta ile karatasi," akasema.

Niliileta. Nilifikiri ataichana. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Wewe soma."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayeungama. Kwenye moshi alitikisa kichwa kidogo. Kwenye jani la mgomba alifumba macho. Nilipofika kwenye paja nilitaka kuruka, nikashindwa, nikasoma yote mpaka mafuta ya kiwiko.

"Rudia hapo kwa paja."

Nikarudia.

Akageuza uso mlangoni. Nje kuku walikuwa wakiparua. Halafu akasema, "Hapo umedanganya."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikamwambia ndiyo mama, nimedanganya, sijawahi, naapa sijawahi hata mchuzi.

"Nyamaza kwanza. Nasema hapo kwa ngege. Kuku na ngege ni wapi na wapi? Ngege anavunjika mwenyewe. Kuku unavuta na yeye anavuta. Anachanika nyuzi nyuzi. Na utamu wake hauko kwenye nyama. Uko kwenye mfupa, pale mwisho, ukiuvunja kwa jino wakati unafikiri umemaliza."

Alisema akitazama nje, uani.

Nikauchota tena mchele niliokuwa nachambua. Mchele ulikuwa mkononi mwangu, na sikujua niuweke wapi.

Akainuka, akaenda pale Nabwire alipolala, akaweka sikio lake kifuani kwake. Akasikiliza. "Hili ni vumbi tu," akasema. "Hata wangu wote walikohoa Desemba, na wamekuwa wanaume." Akatoka.

Nilibaki nimekaa. Haukupita muda nikasikia fimbo yake tena, na nyuma ya fimbo sauti ya mabawa. Alimweka jogoo hapa mlangoni, yule mwekundu mwenye mkia mweusi, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Kama ni kuandika, andika vizuri," akasema. Alikuwa ameshanipa mgongo alipoongeza, "Na Krismasi iliyopita ulizidisha chumvi."

Nimekaa na maneno hayo mpaka jua limefika juu ya kichwa.

Krismasi zote hizo. Mbwa wa boma hili, sasa nakumbuka, sijawahi kumwona na mfupa wa kuku mdomoni. Yule mama ninayemwogopa, aliyezaa watoto saba na wote wazima, amekuwa akisimama peke yake nyuma ya nyumba na ile mifupa, na hakuna mtu aliyejua. Na hajanieleza kwa sababu nilimuuliza. Amenieleza kwa sababu niliandika vibaya, na hakuweza kuvumilia.

Sikujua kuandika kunafanya hivyo. Nilifikiri unaandika kile ulicho nacho. Kumbe hata ukikosea, mtu anatoka alikojificha miaka yote kuja kukusahihisha.

Hili sitalisoma kanisani. Ni letu mimi na yeye, na daftari nitalificha ndani ya pipa la wimbi.

Ile hadithi nimeisahihisha. Nimefuta ngege, nikaandika nyuzi nyuzi na mfupa, maneno yake hivyo hivyo alivyoyasema. Nimefuta sana mpaka karatasi imetoboka kidogo, na kwenye tundu naona goti langu. Nilipoisoma upya mate yalinijaa, na safari hii sikuogopa.

Jogoo ananitazama kwa jicho moja.

Akishachinjwa, nitamtundika juu ya moshi Ijumaa jioni. Siku ya Krismasi nitapakua sahani za wanaume kama desturi, lakini mgongo wa kuku nitauacha ndani ya chungu, chini kabisa, mzima na nyama yake, na nitamwomba mama mkwe anisaidie kuosha kile chungu. Kama atataka nikae naye hapo nyuma, nitakaa. Sijui kama nitakula. Bado naogopa, nina watoto.

Chumvi nitapunguza. Nikitaka kujua kama imetosha, nitamuuliza yeye.