Hitma ya Faki

Fundo, Pemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na naomba barua hii ikukute kifua kimetulia na miguu bado inakufikisha kisimani bila fimbo. Sisi huku wazima, wote watatu. Hapa namwomba anayekusomea asimame kidogo, akurudilie: wote watatu. Ile telegramu iliyokuja kwa jina la Ami Hamad ilikuwa ya uongo. Faki yu hai. Ninavyoandika yuko mlangoni anaparua samaki. Najua umeshamlilia, na nguo alizoziacha Tanga pengine umeshazitoa sadaka. Usiende kuzidai, Bibi. Zingemkaba.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana ukisikia vipande vipande utadhani nimerukwa na akili.

Kwanza niseme la haki. Baba alipofariki na mama akamfuata mwaka huohuo, Ami Hamad peke yake ndiye aliyevuka maji kuja kutuchukua. Ami zetu wengine walituma salamu. Alituleta nyumbani kwake Konde, nyuma ya duka lake, na mkewe Bi Time akatupokea kwa maji ya kuoga na muhogo wa nazi. Mchele mwaka huu ni wa kusikia habari zake tu, na dukani kwa Ami palibaki chumvi na viberiti.

Tulilazwa chumba cha nyuma, juu ya magunia yaliyofunikwa mikeka. Yalikuwa magunia ya karafuu. Huku karafuu zote zinauzwa serikalini, na kuzivusha kwenda Kenya ni kosa ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona. Ami alikuwa anataka kuzivusha. Lililomshinda lilikuwa njia ya kwenda pwani, kwa kuwa pana kizuizi, na askari hudunga kila mzigo kwa chuma chenye ncha.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alituita sote akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda shamba, kuwa kuanzia kesho Faki ataumwa na Jumatano atakufa. Faki akauliza atakufa kwa maradhi gani. Ami akafikiri, akasema surua, kwa sababu kila mwenye mtoto mchanga ataikwepa nyumba. Bi Time alitoka akaenda jikoni. Mimi nilidhani ni mzaha, mpaka nilipomwona Faki anapandishwa darini na ngazi inaondolewa.

Majirani walikuwa wema, Bibi, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Walileta uji wa mgonjwa, wakauacha kizingitini. Ami aliunywa yeye, akasema maiti mtarajiwa akinenepa watu watashangaa. Mimi nilikuwa nikimrushia Faki vipande vya muhogo darini, naye anavidaka kama kima.

Jumatano alikufa. Ami na rafiki yake mmoja walijifungia nyuma ya pazia, wakasema wao ndio watakaomwosha kwa kuogopa maradhi yasienee. Walichokivisha sanda kilikuwa karafuu, zimeshindiliwa na kushonwa kwa umbo la mtu. Walimwaga marashi wakafukiza udi, lakini harufu haikufichika. Mama mmoja akasema karafuu maiti, ile ya kupakwa wafu, imetiwa kwa wingi, Mungu awalipe. Hakujua kuwa siku hiyo maiti mwenyewe ndiye karafuu.

Wanawake walinilaza vifuani mwao wakalia. Mize, na miaka yake saba, alishindwa kulia kwa kuwa alijua kaka yake yuko juu ya vichwa vyetu. Watu walianza kumtazama. Nikamfinya paja mpaka akapiga ukelele, wakasema maskini, ndiyo kwanza uchungu unamfikia. Mungu anisamehe kwa finyo lile.

Jeneza lilisaliwa msikitini, likapakiwa kwenye gari kupelekwa kijiji cha pwani, walikozikwa wazee wa Ami. Wabebaji walilalamika uzito, na mzee mmoja akawajibu kuwa yatima huzaliwa na mzigo wake. Pale kizuizini askari walivua kofia na mmoja akasoma Fatiha. Mzigo ukapita bila kudungwa. Ukazikwa, na usiku uleule rafiki wa Ami akaufukua na kuuvusha. Haya ya pwani niliyajua baadaye, yalipotajwa mbele ya askari.

Nilidhani mambo yameisha. Nikamwendea Ami dukani nikamwuliza Faki atateremshwa lini. Alikuwa anafuta mizani.

"Maiti hateremki, Riziki," akasema.

Akanieleza, bila ukali, kuwa Faki ataondoka na shehena ijayo akaishi kwa mtu ng'ambo, na kwa kuwa mji mzima umemzika hakuna atakayemwulizia. Kisha akamtazama Mize aliyekuwa anachora vumbini nje ya mlango. Akasema surua ikiingia nyumba haichukui mmoja.

Nilirudi chumbani nikakaa juu ya magunia, nikamsikia Faki anajigeuza darini, na nikaelewa kuwa tukikawia Mize ataumwa. Kumwambia jirani nisingeweza, maana nani angemwamini mtoto mgeni, mwenye msiba, anayesema marehemu yuko juu ya dari? Ilibidi wamwone wenyewe, tena wote kwa pamoja. Na siku ya watu wote kuwa pamoja ilikuwa karibu. Ijumaa baada ya alasiri ilikuwa hitma yake, kisomo cha kumwombea.

Ami alikuwa ameahidi wali. Kwa ajili ya wali, Bibi, walikuja hata wasiotujua. Walijaa barazani na ukumbini, juzuu zikagawiwa, Shehe akaanza kusoma. Mimi na Mize tulikuwa chumba cha nyuma. Ngazi ilikuwa imefungiwa dukani, basi tuliyakokota magunia yaliyobaki tukayapanga moja juu ya jingine. Mikono ya Mize ilichubuka lakini hakulia. Faki akashuka kwa kukanyaga karafuu za Ami. Alikuwa amejaa masizi na utando wa buibui. Nilitaka kumfuta uso. Akasema, "Niache hivihivi."

Akaufungua mlango akaingia ukumbini, akasema Assalaamu alaykum.

Usomaji ulikatika. Mtu mmoja aliangusha juzuu, mwingine akajivuta nyuma mpaka ukutani. Shehe peke yake ndiye aliyeitikia, kwa kuwa salamu ni faradhi kuijibu, kisha akamwuliza, "Wewe u nani?"

"Mimi ndiye mnayenisomea," akasema Faki. Halafu akakaa mbele ya sinia lililokuwa karibu akaanza kula wali kwa mikono miwili. Hakuna aliyemzuia.

Shehe alitazama mlango tuliouacha wazi, akayaona magunia. Akafunga juzuu yake taratibu.

"Hamad," akasema, "tulomsalia nani?"

Watu wakawaita askari, nao wakaja kumchukua Ami kabla ya magharibi. Hakukimbia. Alivaa kofia yake akatoka nao.

Sasa usidhani tulibebwa mabegani. Waliotulilia waliona aibu, na aibu ikageuka chuki. Wanafunzi walikataa kukaa dawati moja na Faki, wakimwita mzuka. Mwalimu akasema jina lake limeshafutwa, alete karatasi ya kuthibitisha yu hai. Tulipokwenda kuitafuta karatasi, karani akamwambia Faki, akiwa amesimama mbele yake, kuwa aliyekufa haombi mwenyewe.

Na mimi nililazimika kueleza yote mbele ya askari. Nilisema kweli. Siku ya pili nilimpelekea Ami chakula. Aliniuliza kama Mize ana afya, nikasema anayo. Akasema, "Miye ndiye niliyewafuata." Nikamwambia najua. Wamempeleka Unguja na mpaka leo hatujui amehukumiwa nini. Usiku na mchana namwogopa, na namwonea huruma, na sijui kipi kinatangulia.

Bi Time alikaa wiki mbili bila mtu kumpa salamu. Kisha akafunga virago akatuambia twende kwao, hapa Fundo. Mimi nilimwambia hatuna udugu naye wa damu, anaweza kutuacha. Alinipa kapu nibebe. Tulipofika, kaka yake alikuwa ufukweni. Akatutazama akasema kuwa alivyosikia yeye, watoto walobaki ni wawili.

Bi Time akamshika Faki bega akamsogeza mbele.

"Watatu," akasema. "Na wote wanakula."

Kaka yake akachukua kapu mikononi mwangu, akatangulia.

Msalimie mama mdogo na mumewe fundi cherehani, na binamu zetu, na jirani yetu muuza mbaazi aliyetufungia chakula cha safari. Yule anayekusomea mwambie ahsante, na barua hii asiirudie kwa watu. Tuombee, Bibi, nasi tunakuombea kila sala.

Wajukuu zako,

Riziki
Faki (ameandika mwenyewe)
Mize (mimi nimemshika mkono)