Viatu Vyeupe vya Watu Wawili

Mbuke, mwenzangu,

Mwangaluka, maana nakuandikia asubuhi. Najua utaisoma hii mchana ukishamaliza kuuza samaki, basi pokea na mwadila yako kabisa.

Jumamosi nilipokuja Lamadi nilikudanganya. Nilisema nimepita tu kukusalimia. Kumbe nilikuwa na neno, na nikarudi nalo huku Itilima vilevile, pamoja na yule sato uliyenifungia ukakataa hela yangu. Samaki nilimla, lakini hakunipendeza mdomoni.

Neno lenyewe ni hili. Kituo chetu cha afya kinatafuta muuguzi mmoja wa mkataba. Mganga mfawidhi alitutangazia kwenye kikao cha asubuhi: mwenye kumjua muuguzi wa diploma aliye nje ya kazi amwambie, maombi mwisho Ijumaa ijayo, usaili utafuata. Kabla hajamaliza kusema, jina lako lilishanijia kichwani.

Unaikumbuka Bariadi? Chuo tumemaliza, mtihani wa leseni tumefaulu, tukadhani kazi inatusubiri getini. Wapi! Tukaishia kujitolea wodini, chumba cha kupanga kimoja, godoro moja, na viatu vyeupe jozi moja. Vya kwako, maana vyangu viliachia soli wiki ya kwanza. Ukitoka zamu ya usiku mimi naingia ya asubuhi, tunabadilishana kwenye benchi la nje, wewe unarudi nyumbani na kandambili zangu. Mguu wako mkubwa, wangu mdogo, nikawa nasokomeza pamba mbele. "Mtoto wa Nkoma bwana, kwao pamba tu, hata kiatu anakilimia pamba!" Ulinicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akauliza kuna nini. Siku moja muuguzi mkuu akatuuliza mbona hatuonekani pamoja kazini. Tukainamisha vichwa kama tumeiba.

Na lile neno lako. Maji ya kuoga yakiwa kidogo, "Anza wewe." Ugali ukiwa kidogo, "Anza wewe, mimi nimekula kazini." Mwongo mkubwa, kazini tulikuwa tunakula nini? Hata siku ya kutuma maombi ya ajira, pale steshenari, mtandao unasuasua, nilikwambia foleni ni yako, umefika mbele yangu. "Anza wewe, Minza, baba yako anaumwa." Nikaanza. Yangu yakaenda, mtandao ukakata, yako ukayatuma kesho yake.

Yalikuwa ndani ya muda, najua. Kutangulia kutuma siyo kigezo, hilo nalo najua. Nilishamuuliza mtu wa utumishi akanicheka. Lakini majina yalipotoka langu lilikuwepo na lako halikuwepo, na hakuna aliyewahi kunitoa hilo moyoni.

Na wewe ndiye uliyepiga vigelegele! Ukanifungia viatu kwenye gazeti. "Nenda navyo, mtu haripoti kazini na kandambili. Mimi nitanunua vingine." Hukununua. Uliendelea kujitolea, kwa viatu vya nani sikuuliza, hadi mama yako alipoumwa mgongo ukaenda kumshikia meza ya samaki mwaloni, kando ya ziwa. Leseni yako ikalala. Mimi yangu naihuisha kila mwaka, pointi za mafunzo naziokoteza hapa na pale, na kila nikihuisha nasema leo nampigia Mbuke. Halafu sipigi. Ningeanzaje? "Mimi nimehuisha, wewe je?"

Sasa sikia kwa nini Jumamosi nilinyamaza. Kabula, mke wa kaka yangu, naye ni muuguzi, leseni yake iko hai, yupo nyumbani analea. Habari za nafasi ziliwafikia. Mama akanipigia jioni ileile: "Wa kwako kwanza, mayu. Damu nzito kuliko maji." Nikajisemea nitakwenda Lamadi, nikimkuta Mbuke na shida, moyo utaamua.

Nikakukuta unacheka. Umenenepa, wateja wamekuzunguka, unamtania yule mzee wa dagaa kwamba mizani yake imeolewa naye, ndiyo maana inampendelea. Nikasema huyu ameshatulia, nikimtajia uuguzi nitamtonesha kidonda. Na nilifurahi, Mbuke. Nilifurahi upesi mno. Hapo ndipo ninapojichukia.

Maana ile furaha haikudumu. Alikuja yule mama na mtoto mgongoni, anataka furu wa kitoweo. Ukaacha kupima. Ukafuta mikono kwenye kanga, ukamfunua mtoto kifua, ukatulia unahesabu pumzi, midomo inacheza. "Dada, acha kitoweo. Huyu mpeleke zahanati sasa hivi, usipitie nyumbani." Akaondoka mbio. Ulipoona nakukodolea macho ukasema, "Usiniangalie hivyo. Mikono haisahau." Ukarudi kwenye samaki, na safari hii hukucheka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikasema, "Haya, acha niwahi gari." Mtu mzima mimi! Nimekaa dirishani mpaka Bariadi najitukana kimoyomoyo.

Jana nimemwambia kaka: Kabula alete maombi yake, ni haki yake, lakini mimi sitamsemea mtu wala sitamficha mtu. Amenikatia simu. Mama naye kimya, na yeye siku haipiti bila kuuliza nimekula nini. Inaniuma, sitakudanganya tena. Lakini ya Jumamosi inaniuma zaidi.

Nimekuulizia kwa mfawidhi. Anasema maombi yako yatapokelewa, mradi leseni iwe imehuishwa kufikia siku ya usaili. Pointi nyingine unaweza kuzipata kwa mafunzo ya kwenye simu. Njoo kwangu tukae tuifanye hiyo kazi. Siku hizi godoro ni kubwa. Kupata au kukosa, hilo sina mamlaka nalo. Na kama hutaki, kama meza ya samaki ndiyo inayokupa amani, niambie hutaki, nitakuelewa. Ila ukatae mwenyewe. Usikose kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kondakta atakukabidhi barua hii pamoja na kifurushi. Ndani mna viatu vyeupe, vipya, vya mguu wako. Usije ukaniuliza kama na mimi nimejinunulia, nakujua. Nina vile vyako vya zamani, na pamba yangu bado imo.

Safari hii, Mbuke, anza wewe.

Mwenzako wa zamu ya asubuhi,
Minza