Kijiji Ndani ya Kompyuta

Uppsala, 9 Februari 2025

Mwanangu Annastella,

Leo nimetimiza miaka arobaini na moja nje ya Buganguzi. Hapa theluji imefunika baiskeli zote, lakini jana nilitembea nyumbani.

Nilifungua kile kijiji chetu cha zamani ambacho wanafunzi wako wamekijenga kwenye kompyuta kwa ajili ya somo la historia. Nilipita taratibu kati ya migomba, ukungu ukiwa bado chini, mpaka mlangoni kwa mama. Mlango ukafunguka wenyewe.

Baadaye Kokuhirwa, kiongozi wa kundi lao, alinipigia. "Babu, tutajie makosa. Usituonee huruma!"

"Njia ya kwenda kwenye chemchemi ilipinda kushoto," nikamwambia. "Na mibuni ilikuwa mingi zaidi."

"Hiyo tutaipanda leo leo!" akacheka. "Na kaburi la mama yako, pale nyuma ya jiko, tumeliweka sawa?"

Nikamwambia nitamjibu kupitia kwako.

Sijui, mwanangu. Mama alipofariki niliwaandikia kwamba nimenyimwa ruhusa kazini. Ruhusa nilipewa. Niliogopa kufika nisimkute. Mkamzika kwenye kibanja chetu, kwenye migomba ya nyumbani, bila mimi, na hakuna aliyeniuliza tena.

Umeniomba nije Julai, siku mtakayowaonyesha wazazi kazi hiyo. Nashukuru sana kwa kunikumbuka. Nenda na Kokuhirwa kibanjani, mkapime wenyewe kaburi liko wapi, mliweke mahali pake.

Mimi sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Aristides